Theiler na ndigana kali

Asante kwa makala yenu kuhusu Arnold Theiler, yule daktari wa mifugo, ila mmeongea sana habari za Uswisi alikozaliwa 1867 halafu ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, mkaipita juujuu, wakati ule ugonjwa ulifika kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1900 na ng'ombe waliotoka huku kwetu pwani ya Afrika Mashariki, na kijidudu chake mpaka leo kinaitwa Theileria kwa heshima yake jamani! Tena Theiler mkono wake mmoja ulikatwa na mashine ya shambani bado akaja kuanzisha maabara ya magonjwa ya mifugo ya Onderstepoort, Afrika Kusini, 1908. Sisi nyumbani tulipoteza mitamba wawili, matezi yamevimba chini ya masikio, wanahema kwa shida, tangu hapo mzee hakosi josho la kuua kupe kila wiki.