Dakika Milioni Kumi na Sita Juu ya Mlango

Siku ile niliingia kwenye intaneti nikiwa na hasira, na ninaomba jambo hilo lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu wapangaji wenzangu wanaendelea kudai kwamba nilikwenda kustarehe na bando la shilingi elfu moja huku wao wakiwa na shida. Ilikuwa Novemba 2024, saa mbili usiku, umeme umetuishia sisi peke yetu, na kutoka nyumba ya pili tulikuwa tunaisikia taarifa ya habari vizuri kabisa.

Nyumba yetu ina wapangaji watatu na mita moja. Kuna mimi na familia yangu, kuna mama anayeuza barafu za ubuyu, na kuna kijana wa chumba cha mwisho ambaye mali yake yote duniani ni godoro na sabufa. Mita yenyewe imetundikwa juu ya mlango wa korido, kwenye kimo kinachomfaa twiga, na kitufe chake cha tano kilizama zamani, hakiitiki kwa kidole, hubonyezwa kwa mpini wa kijiko. Kwa hiyo anayeingiza umeme katika nyumba hii hupanda juu ya stuli akiwa na kijiko mkononi, na kwa sababu ambazo sijawahi kuelezwa, mtu huyo ni mimi.

Nilinunua umeme wa shilingi elfu kumi kwa simu, nikisubiri zile tarakimu 20 nilizozoea. Ujumbe ulioingia ulikuwa na mistari mitatu, kila mmoja una tarakimu 20, pamoja na maelekezo kwamba mstari wa kwanza na wa pili uingizwe kabla ya ule wa tatu, kwa kufuata mpangilio huohuo. Nikajumlisha na kupata tarakimu 60. Mimi ni mtu ambaye namba ya simu ya mama mkwe, yenye tarakimu kumi tu, nimeshindwa kuishika kwa miaka tisa.

Nikampa binti yangu wa darasa la nne simu asome, nami nikapanda. Mtoto yule ana akili, tatizo ni kwamba amefundishwa vizuri. Tarakimu zilikuwa zimepangwa makundi ya nne nne, na yeye akaanza kuyasoma kama anavyosoma hesabu mbele ya mwalimu: "Elfu saba mia nne na tisa." Nikabonyeza saba, nikabonyeza nne, nikabonyeza tisa, nikaendelea. Ilikuwa mpaka mwisho wa mstari ndipo nilipogundua kwamba kuna sifuri moja imebaki hewani. Mita ikakataa. Tukarudia, safari hii namba moja moja, na tulipofika tarakimu ya 17 ya mstari wa pili, kijana wa chumba cha mwisho akaniuliza kama nina uhakika ile ilikuwa sita na si nane. Sikuwa na uhakika hadi aliponiuliza. Baada ya hapo sikuwa na uhakika hata wa jina langu. Chini yangu mama wa barafu alikuwa anatangaza, kama mtu anayetangaza msiba, kwamba za juu zimeshaanza kulegea. Mita ilikubali mara ya tatu, taa zikawaka, na kilichofufuka kwanza kabla ya friji na kabla ya taa ya chooni kilikuwa ile sabufa.

Nilishuka kwenye stuli nikiwa nimeazimia kumjua aliyebuni adhabu ile. Ndipo nikanunua bando.

Jambo la kwanza nililokutana nalo liliniduwaza, maana kwa miaka yote niliamini kwamba mita yetu inawasiliana na makao makuu kwa njia fulani, pengine kupitia nguzoni. Kumbe mita za aina yetu haziongei na mtu yeyote. Zinafuata utaratibu uliobuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya tisini, na uhodari wake wote umo katika zile tarakimu 20. Tarakimu hizo ni sawa na barua iliyofungwa kwa lakiri, ambayo ufunguo wake uko kwa muuzaji na ndani ya mita yako tu, kiasi kwamba ukiipeleka kwenye mita ya jirani haiwezi kusoma hata neno. Ndani ya barua mna idadi ya uniti ulizonunua, mna alama ya ukaguzi ya kumnasa mtu anayeruka sifuri, na mna dakika ambayo umeme huo uliuzwa. Mimi binafsi ninatumwa sokoni na orodha ya vitu sita na kurudi na vinne, kwa hiyo kuona mambo yote hayo yakienea katika mstari mmoja wa namba kulinifanya nisahau kidogo kwamba nilikuwa na hasira.

Hiyo dakika ndiyo kiini cha mkasa wetu. Mita inaitumia ili tokeni moja, yaani ule mstari wa tarakimu 20, isitumike mara mbili: hukumbuka tokeni ilizokwisha kupokea, na ukiileta iliyotumika, au iliyouzwa zamani kuliko zote inazozikumbuka, inakutazama tu. Niliposoma hapo nilimwelewa kijana wa chumba cha mwisho, ambaye kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimwona akifukua ujumbe wa zamani katika simu yake na kuujaribu usiku watu wakiwa wamelala. Nilidhani anachangia kimyakimya.

Sasa, dakika hizo zinahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na ndani ya tokeni zimetengewa biti 24. Biti ni kama swichi moja, ama imewashwa ama imezimwa, na swichi 24 zinaweza kupangwa kwa namna 16,777,216, haizidi hata moja. Nilichukua kikokotoo cha simu nikagawanya kwa dakika za siku moja, nikapata siku 11,650 na ushee, ambazo ni karibu miaka 32. Ukizihesabu kutoka mwaka huo wa 1993 unaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, kama kile kidude cha kilomita kwenye daladala kuukuu ambayo konda anakuapia kwamba imetembea kidogo, na mita ingeziona tokeni mpya kuwa za zamani na kuzikataa zote. Kwa hiyo mistari miwili ya kwanza, ile iliyonitoa jasho, haikuwa na umeme hata chembe. Kazi yake ilikuwa kubadilisha ufunguo na kuifuta mita kumbukumbu ili ianze kuhesabu upya kutoka mwaka 2014. Na jambo hilo halikuwa letu peke yetu: mita za utaratibu huo katika nchi nyingi, Kenya na Afrika Kusini zikiwemo, zilikuwa zinangojea tarehe hiyohiyo, maana yake ni kwamba usiku ule juu ya stuli sikuwa peke yangu, ingawa ningependa kujua ni wangapi walikuwa na kijiko.

Nilimweleza mke wangu yote hayo akiwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa jiwe moja, akaliweka pembeni, kisha akauliza, "Kwa hiyo, Baba Watoto, walijua tangu mwaka 1993?"

Hapo hasira yangu ilirudi ikiwa na afya tele. Walijua! Hesabu ya biti 24 si siri, mtoto wa sekondari anaweza kuipiga, na ina maana kwamba siku ya kwanza kabisa, wahandisi walipokuwa wakinywa chai yao, tarehe ya mimi kupanda stuli ilikuwa imeshaandikwa. Nikapiga hesabu nyingine kwa uchungu: wangeongeza biti moja tu, moja, muda ungekuwa mara mbili, karibu miaka 64, na tatizo lingewakuta wajukuu, ambao wana macho mazuri. Ubahili gani huu? Mke wangu anapopima sukari ya chai hukwangua kijiko kwa ukingo wa kopo, lakini hata yeye hajafikia kubana biti.

Ningeishia hapo ningekuwa na hoja nzuri ya kuwasilisha barazani. Kwa bahati mbaya niliendelea kusoma. Barua yote, pamoja na uniti, dakika na ile alama ya ukaguzi, ina biti 66 tu, na biti 66 ndizo zinazoenea katika tarakimu 20. Ukitanua huku utabana kule, au utaongeza tarakimu, na tarakimu hizo zingebonyezwa na mteja kila anaponunua umeme, si mara moja katika miaka 32. Kwa maneno mengine, watu wale walinihurumia mimi na kijiko changu. Sikumweleza mke wangu sehemu hiyo.

Ilikuwa imeshafika saa tano, na bando lilikuwa bado lina uhai, ndipo nikagundua kwamba ugonjwa wa mita yetu umeenea dunia nzima. Setilaiti za GPS, zile zinazomwelekeza bodaboda mtaa asioujua na bado akakupigia kuuliza uko wapi, huhesabu wiki kwa biti kumi, yaani wiki 1,024, halafu zinarudi sifuri. Zilianza Januari 1980, zikarudi Agosti 1999, zikarudi tena Aprili 2019. Hilo nililipita haraka kwa sababu chini yake kulikuwa na la ndege. Mwaka 2015, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani iliagiza kwamba ndege aina ya Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme wake wote na kuwashwa upya kabla ya kutimiza siku 248 mfululizo, kwa sababu kihesabio kilichomo katika mitambo ya kusimamia jenereta kingejaa siku hiyo na jenereta zote zingeweza kuzimika kwa pamoja, hata angani.

Niliusoma mstari huo mara tatu, nikamkumbuka fundi simu wa hapa kituoni. Huyo bwana, umpelekee simu isiyosikika, isiyochaji, iliyoanguka kwenye ndoo ya maji, atakwambia, "Mzee, umejaribu kuizima na kuiwasha?" Mimi nilimdharau hadharani, nikapeleka simu yangu mjini kwa fundi mwenye kiyoyozi, nikalipa elfu ishirini, na fundi yule akaizima akaiwasha. Sasa ninasoma kwamba dawa ya ndege ya mamilioni ya dola ni ileile. Tangu hapo ninamwamkia mimi kwanza, na yeye bado hajajua sababu.

Lililonikesha ni la mwaka 2038. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na zimetenga nafasi ya biti 32 ambayo moja ni ya kuonyesha kama hesabu iko mbele au nyuma. Nafasi hiyo itajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za kwetu, wakati ninapokuwa kwenye foleni ya choo. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haikurekebishwa itajiona iko Desemba 1901. Mjerumani yupo hapa anatawala, na reli kutoka Mombasa imebakiza kama wiki moja kufika ziwani Kisumu. Ni kweli kwamba mashine za siku hizi zimeshahamia biti 64, ambazo hazitajaa leo wala katika umri wa jua, lakini jambo hilo nililigundua saa nane usiku, na hofu ilikuwa imeshalala na mimi kitanda kimoja.

Asubuhi nilipeleka habari hizo kwa Mangi wa duka, nikiwa na nia njema kabisa. Nilimweleza kwamba hesabu zote zina kikomo, kwamba zikijaa zinarudi sifuri, na kwamba hata ndege imekubali, kisha nikaangalia daftari lake kwa namna ya mtu anayeangalia tu. Alinisikiliza akiendelea kufunga mkaa kwenye mifuko.

"Langu likijaa," alisema, "ninanunua lingine, na jina lako linakuwa la kwanza."

Niliporudi nyumbani nilifanya jambo moja la maana. Niliazima kikokotoo tena, nikahesabu siku 11,650 kutoka mwanzo wa mwaka 2014, nikapanda stuli, na kwa kipande cha mkaa nikaandika ukutani, pembeni ya mita, kwa herufi kubwa ili asije mtu akashtukizwa kama nilivyoshtukizwa mimi: TAREHE 24 NOVEMBA 2045, TARAKIMU 60. Mama wa barafu aliuliza kama hayo ni matumizi ya mwezi. Kijana wa chumba cha mwisho aliuliza kwa nini tusinunue kabisa sasa hivi.

Mke wangu alitoka na beseni la nguo, akasimama chini ya stuli, akasoma taratibu, akahesabu kitu kwa vidole vya mkono mmoja, akahamia vya mkono wa pili.

"Mwaka 2045," akasema. "Tutakuwa bado tumepanga hapa?"

Nilibaki juu kwa muda. Kisha nikalowesha kidole gumba kwa mate, nikaanza kufuta, nikianzia na mwaka.