Tairi la Gari la Kasi Halipunguzwi Upepo kwa Kuogopa Joto

Safari za kwenda Dar es Salaam zinapopamba moto, kwenye mabanda ya pancha hapa Mtwara husikika ushauri uleule: jua ni kali, njia ni ndefu, basi punguza upepo kidogo ili tairi lisipasuke. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, nami niliufuata kwa miaka kadhaa nikiwa na Subaru Impreza WRX, gari ambalo linapenda kukimbia na ambalo halisamehe matairi mabovu. Leo ninaamini kwamba ushauri huo ni wa hatari, na kwamba ni wa hatari zaidi kwa magari ya aina hiyo.

Siku moja fundi aliniambia, "Kaka, huko Somanga joto si la mchezo, tubaki na PSI ishirini na tano." PSI ndicho kipimo cha upepo wa tairi. Nikakubali. Nilipofika Nangurukuru nilishuka kunyoosha miguu, nikaweka kiganja kwenye ubavu wa tairi la nyuma la kushoto, nikakiondoa papo hapo kwa jinsi lilivyokuwa likiunguza, ilhali tairi la mbele, ambalo tulikuwa hatujalipunguza upepo, lilikuwa na moto wa kawaida tu. Niliporudi nyumbani nikaomba tairi lile livuliwe kwenye rimu. Ndani yake mlikuwa na unga mweusi wa mpira, laini kama masizi ya chungu, na ubavu ulikuwa umechubuka kuzunguka tairi zima. Unga ule ulikuwa ni tairi lenyewe, limejisaga kutoka ndani huku kwa nje likionekana jipya.

Sababu yake haina uchawi. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavu kila linapozunguka, na kule kujikunja na kujinyoosha ndiko kunakozalisha joto linalolegeza mpira na kuutenganisha na nyuzi zake. Ni kweli kwamba upepo huongezeka tairi linapopata moto, kwa kadiri ya PSI moja na nusu kwa kila nyuzi joto 10, lakini waliotengeneza gari wanalijua hilo, na kipimo walichokiandika ni cha tairi lililopoa. Kwa hiyo ukipima baada ya mwendo wa saa moja ukakuta PSI 4 au 5 za ziada, usitoe hata kidogo, kwa sababu kesho alfajiri utakuwa na tairi lililolegea.

Kipimo chenyewe kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani hukiandika kwa kilopaskali, kipimo kingine cha upepo, na hapo ndipo wengi wetu hukata tamaa na kumwachia fundi akisie. Changu kinasema 230 mbele na 220 nyuma, yaani takriban PSI 33 na 32. Namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 51, ni kikomo ambacho tairi halipaswi kuvuka, wala si kiasi cha kujaza. Anayejaza kwa namba hiyo hubaki na tairi linalogusa lami kwa katikati tu, na gari lake huchelewa kusimama kila anapofunga breki kwenye kibao cha 50 cha kijijini.

Kuhusu kununua, mimi husoma ubavu wa tairi kabla ya kuuliza bei. Maandishi 215/45R17 87W yana maana kwamba tairi lina upana wa milimita 215, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, rimu ni ya inchi 17, tairi moja linabeba kilo 545 (ndiyo 87), na mwendo wake wa juu ni kilomita 270 kwa saa (ndiyo herufi W). Hakuna anayetafuta kasi hiyo kati ya Mingoyo na Masasi, lakini herufi ile inaonyesha pia jinsi tairi linavyostahimili joto, na joto huku tunalo mwaka mzima.

Hapa ndipo linapoingia suala la matairi ya mtumba, nami nalisema kwa uchungu, maana niliwahi kuuziwa manne yenye meno marefu ya kupendeza. Ubavuni yaliandikwa STUDLESS, yaani matairi ya theluji, ambayo mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi kali. Herufi yao ilikuwa Q, ambayo kikomo chake ni kilomita 160 kwa saa. Kwenye lami ya Mtwara saa nane mchana gari lilikuwa likiyumba kwenye kona kana kwamba limevaa ndala, na meno yale yakaisha upesi. Tangu hapo hutazama pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochongwa ubavuni, ambazo huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na hata likiwa na meno yote, mpira wake umezeeka. Mimi silifungi kwenye gari la kasi. Afadhali jipya la kampuni ya wastani.

Wenye magari yanayoendesha magurudumu yote manne wana mzigo mwingine: tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi ikizidi takriban milimita 6, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, huteseka bila kupumzika. Kuchanganya mawili mapya na mawili yaliyokaribia kipara ni kuokoa fedha ya tairi na kuilipa kwa difu. Naitrojeni inayouzwa siku hizi ya kujazia matairi badala ya upepo sina ugomvi nayo, ila upepo wa kawaida una asilimia 78 ya gesi hiyohiyo.

Geji yangu ndogo hukaa ndani ya gari, nami hupima alfajiri kabla ya kuwasha injini. Leo mbele nimekuta 33 na 33, nyuma kushoto 32, nyuma kulia 27. Nimelizungusha tairi taratibu kwa tochi ya simu, nikaona kichwa cha skrubu kinang'aa katikati ya meno, na safari ya Lindi nimeiahirisha hadi saa nne.