Tate Modern: saa moja, kazi tatu

Ndugu na marafiki wakija London, ratiba yao huwa naijua kabla hawajanitumia. Big Ben, jumba la mfalme, Tower Bridge, uwanja wa Arsenal au wa Chelsea kutegemea mwenye safari anashabikia nani, kisha maduka ya Oxford Street mpaka begi ligome kufungwa. Siku hizi imeongezeka Tate Modern, makumbusho ya sanaa ya kisasa. Wameiona kwenye picha za watu, na wamesikia haina kiingilio. Kwa hilo nafurahi. Kinachonikera ni namna wanavyoipanga: "Jumamosi asubuhi tunaimaliza Tate, mchana tunaenda kwingine." Pale hapamalizwi. Anayejaribu hutoka miguu inawaka moto, simu imejaa picha, na ukimuuliza ameona nini anakujibu, "Aa, vitu vingi sana." Ni kama mtu aliyealikwa harusi tano jioni moja: kote ameonja na hakuna alikoshiba.

Ushauri wangu ni mfupi na wengi huupinga: nenda kwa saa moja ukaone kazi tatu. Hizo tatu zichague ukiwa bado nyumbani, kabla hujapanda ndege. Hamu ikibaki, rudi siku nyingine.

Unaweza kurudi kwa sababu mkusanyiko wa makumbusho yenyewe hutazamwa bure. Maonyesho maalumu ndiyo yana tiketi, na bei yake ukiigeuza kuwa shilingi inauma. Kwa anayekwenda mara ya kwanza nasema achana nayo, isipokuwa kama msanii mwenyewe ndiye aliyekutoa nyumbani. Mtu akishalipa hujiona analazimika kutazama kila kitu ili hela yake irudi, na hapo ndipo anaanza kukimbia. Ukiingia bure unaweza kukaa mbele ya mchoro mmoja dakika ishirini, ukaenda zako, bila kupiga hesabu ya hasara. Utaona masanduku ya michango. Ukiwa na chochote weka, usipokuwa nacho hakuna atakayekutolea macho.

Kituo cha treni ya chini ya ardhi kilicho karibu zaidi ni Southwark. Mimi napenda kuwashusha watu St Paul's, tuteremke hadi mtoni na kuvuka Millennium Bridge kwa miguu. Ukiwa juu ya daraja lile bomba la moshi linakukabili uso kwa uso, mita 99 za matofali. Jengo hili lilikuwa mtambo wa kufua umeme wa Bankside. Aliyelisanifu, Giles Gilbert Scott, ndiye aliyebuni pia vile vibanda vyekundu vya simu ambavyo wageni hupanga foleni kupiga navyo picha. Mtambo ulizimwa 1981. Badala ya kuubomoa na kujenga ghorofa za vioo, walikabidhiwa wasanifu wa Uswisi, Herzog na de Meuron, na mwaka 2000 ukafunguliwa kama makumbusho ya sanaa. Ule ukumbi mkubwa ulimokuwa na mashine za umeme waliuacha wazi. Nadhani huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote waliyofanya pale.

Mkishavuka daraja msiingie kwa mlango wa upande wa mto. Zungukeni hadi mlango wa magharibi, wenye mteremko mpana unaokushusha taratibu ndani ya ukumbi huo, Turbine Hall. Wanaopitia upande wa mto wanaukuta wakiwa juu yake tayari, hawapati kujihisi wadogo. Na kujihisi mdogo ni sehemu ya ziara.

Wasanii hupokezana ukumbi huo, kila mmoja na kazi yake. Mwaka 2003 Olafur Eliasson aliweka jua: nusu duara ya taa za njano, dari ya vioo ikaikamilisha ile nusu nyingine, na ukungu kidogo hewani. Watu walilala chali sakafuni kama wako ufukweni. Mwaka 2010 Ai Weiwei akamwaga mbegu za alizeti zipatazo milioni 100, kila moja ya kauri na imepakwa rangi kwa mkono. Mwanzoni watu waliruhusiwa kutembea juu yake, kisha wakazuiwa kwa sababu ya vumbi. Miaka mitatu kabla yake Doris Salcedo wa Kolombia alipasua ufa sakafuni kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho, akizungumzia ubaguzi na watu wanaobaki upande wa pili wa mstari. Maonyesho yalipokwisha ufa ukazibwa, ila kovu lake bado lipo sakafuni. Ukifika litafute. Watu wengi hulikanyaga bila kujua.

Na 2023 ukumbi ulipewa El Anatsui, mzaliwa wa Ghana, aliyetundika mapazia makubwa yaliyoshonwa kwa vizibo na mikanda ya bati ya chupa za pombe. Pombe ile haikuchaguliwa ovyo, maana ilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizozunguka baharini pamoja na biashara ya watumwa.

Turudi kwenye zile kazi tatu. Tovuti ya Tate huonyesha kila kazi kama kwa sasa imewekwa ukumbini au imehifadhiwa, na kama imewekwa, iko chumba gani. Angalia wiki ileile ya kwenda, kwa sababu kazi huhamishwa, huazimwa, hupumzishwa. Nimeshasikia malalamiko ya mtu aliyevuka jiji zima kumfuata mchoraji mmoja akaambiwa yuko safarini.

Orodha yangu kwa mgeni kutoka kwetu huanza na Babel ya Cildo Meireles, Mbrazili, ya mwaka 2001. Ni mnara wa mamia ya redio, mrefu kuliko chumba cha kawaida, kila redio imewashwa na imetegwa stesheni yake kwa sauti ya chini. Chini kabisa ni yale makabati makubwa ya zamani, na kadiri macho yanavyopanda redio zinakuwa ndogo na mpya zaidi. Mwanga ni hafifu, wa samawati. Kwa mtu aliyekulia nyumba ambayo redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufunikia, na baba akitaka taarifa ya habari kila mtu ananyamaza, kazi hii haihitaji mwalimu. Unasikia uvumi tu, kisha sikio linanasa neno, mpira, wimbo, tangazo, halafu linapotea. Kila mgeni niliyemfikisha pale aliinama kutafuta redio kama ya kwao. Anayeinama vile ameshaanza kuitazama sanaa ya kisasa, na hakuna aliyemhutubia.

Ya pili ni chumba cha Mark Rothko, mchoraji wa Marekani. Mwaka 1958 alipewa kazi ya kuchorea mgahawa wa kifahari ndani ya jengo la Seagram, New York. Baadaye akaghairi na kurudisha fedha, hakutaka picha zake ziwe mapambo ya matajiri wakila. Tisa kati ya hizo akaipa Tate. Ziliwasili London tarehe 25 Februari 1970, siku ileile alipokutwa amekufa ndani ya karakana yake huko New York. Ni rangi ya damu ya mzee, zambarau na nyeusi, taa zimepunguzwa. Kaa kwenye benchi. Dakika tano za kwanza huoni kitu, na wengi huondoka dakika ya pili. Sitakuahidi kwamba utalia, wala kwamba utaipenda. Shemeji yangu mmoja alisema chumba kile kinamkumbusha chumba cha kungojea matokeo ya hospitali, na sijasikia maelezo bora zaidi kutoka kwa mtaalamu yeyote.

Ya tatu iwe ya kugombana nayo. Wapo watakaosema, "Hata mwanangu wa chekechea angefanya," basi mpeleke mtu huyo kwenye matofali ya msanii Carl Andre kama yametolewa: matofali 120 yaliyopangwa tabaka mbili, mstatili nadhifu, basi. Tate iliyanunua 1972, na magazeti yalipogundua mwaka 1976 nchi nzima ilichemka kwamba fedha za umma zimenunua matofali. Hadi rangi ya bluu yalimwagiwa. Mimi mwenyewe si mpenzi wake. Naona ni kazi inayoishi kwa kelele zilizoizunguka kuliko kwa kile kilicho sakafuni. Lakini ninaipeleka hoja hii kwa wageni wangu kwa makusudi, maana makumbusho yanayokubaliwa kimyakimya kila chumba ni msiba. Bisha. Sema ni upuuzi. Ila usiseme kabla hujasimama mbele yake.

Vibao vya maelezo ukutani visome mwisho, au usivisome kabisa. Watu wengi husoma dakika moja na kutazama sekunde tatu, kisha wanahamia kibao kingine. Ukikwama, muulize mhudumu aliyesimama pembeni. Hawa hushinda na kazi hizo kutwa na wanajua vitu ambavyo kibao hakisemi, kwa mfano watoto huuliza nini.

Kuna kauli moja ninayoipinga kila mara: kwamba sisi hatuna mazoea na sanaa ya namna hii, picha zenye maneno, vitambaa vilivyotundikwa, vitu vya nyumbani vilivyogeuzwa kuwa hoja. Mama yako amevaa kanga maisha yake yote. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na lile jina limewahi kumnyima jirani usingizi. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 na kupelekwa Uingereza akiwa mchanga baada ya baba yake kufariki, ameichukua kanga hiyohiyo akaitumia kama umbo la michoro yake, na sentensi zake ndani. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwishoni mwa 2021 Tate Modern ikamfungulia maonyesho makubwa. Mtu wa Ng'ambo kule Zanzibar au wa Kariakoo akisimama mbele ya kazi zake hana haja ya kufafanuliwa kwa nini maneno yako pale chini ya mji. Waingereza ndio waliohitaji maelezo.

Nilisema sipendi kiingilio, lakini hayo ya Himid yalikuwa ya aina ambayo ningekukopesha hela uingie.

Ukija na mzee, lifti zipo na mabenchi yapo, hivyo usimkoseshe. Ukija na watoto, anza nao Turbine Hall, wakimbie kwanza. Kuhusu ghorofa ya kumi ya jengo jipya lililofunguliwa 2016, watu huipenda kwa mandhari ya jiji, nami sina neno nayo, ila ina kisa chake: wakazi wa maghorofa ya vioo ya jirani walichoka kuchunguliwa sebuleni na wageni wenye kamera, wakaishtaki Tate, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikawapa haki. Kwa hiyo ukikuta upande fulani umezuiwa, sababu ni hiyo. Nyumba ya mtu haikuwa maonyesho.

Mazoezi ya kutazama yaanze kabla ya viza. Dar, Nafasi Art Space ya Mikocheni ina karakana za wasanii ndani ya makontena, na unaweza kumkuta mwenye kazi yuko palepale na mikono yenye rangi, umuulize. Nairobi kuna NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoanzishwa 2020 na Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa mji huo ambaye badala ya turubai huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, pamoja na matundu na mishono yake. Mwaka 2021 alipopewa maonyesho Royal Academy, jumba la sanaa lililo mtaa wa Piccadilly hapa London, aliwatengea nafasi wakongwe wa Afrika Mashariki, wakiwemo Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Sane Wadu na Elimo Njau. Nilifurahi, na nikakasirika pia, kwamba majina hayo wengi wetu tuliyasoma mara ya kwanza kwenye ukuta wa Piccadilly. Sina hakika hasira hiyo imlenge nani. Lakini kijana wa Nairobi anayepanga Tate na hajakanyaga NCAI, huyo namtania waziwazi.

Jambo la mwisho, kwa mnaokuja mwezi wa kumi na mbili: tarehe 24 hadi 26 Desemba pamefungwa. Na siku ya Krismasi yenyewe msihangaike hata kutoka, treni za chini ya ardhi hazitembei.