Loki kwenye keneli: spidi inaenda kwa nani, hatari inabaki kwa nani?

Huku Amu sisi wa kompyuta tumekuwa tukibishana sana juu ya keneli ya Linux, ule moyo wa mfumo unaoendesha seva na simu za Android, kwamba ikipatikana reisi kondisheni (kazi mbili kugombania kitu kimoja kwa wakati mmoja) upande wa memori watu wapige loki tu, yaani kufuli la kupita mmoja mmoja, yaishe, ama waangalie kwanza spidi itashuka kiasi gani. Wengi wako upande wa spidi, wale wa loki wanaonekana waoga. Mimi naona wanaonewa.

Wa spidi wana hoja, tusiwadhulumu. Keneli inagawa memori kila saa, paketi ikiingia, faili likifunguliwa, sasa ukiweka loki moja hapo kwenye seva ya kori mia, yaani vichakataji mia, zote zinapanga foleni mlango mmoja. Ndio SLUB, mgawaji memori wa keneli ulioingia 2007, ikaipa kila kori orodha yake ya vipande vilivyo wazi, na ile njia ya haraka haina loki kabisa, pointa (anwani ya kipande) na namba ya zamu zinakaguliwa kwa mpigo mmoja, namba ikiwa imebadilika inaanza upya. Reisi imefungwa na spidi iko palepale. Kazi safi, sibishi.

Shida ni pale ambapo ujanja kama huo haupo, mtu anasema hiyo reisi ni ya nadharia tu. Jamani, makondakta wawili wa boti ya Mokowe wakiuza kiti kimoja, siku ya abiria wachache hakuna atakayejua! Angalia Dirty COW, tundu la usalama kwenye Linux lililotokana na reisi, ambayo sio ugawaji wenyewe lakini ni memori hiyohiyo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alijaribu kuiziba 2005, kiraka kikaondolewa kwa sababu ya matatizo kwenye s390, mashine kubwa za IBM, na enzi hizo kuipata ilikuwa ngumu kweli. Keneli ikaendelea kubadilika, ya nadharia ikawa nyepesi, kufika 2016 ikakutwa watu wanaitumia, yaani mtumiaji wa kawaida anaandika juu ya faili aliloruhusiwa kusoma tu mpaka anakuwa root, mwenye mamlaka yote kwenye mashine. Miaka 11! Na dawa ilikuwa flegi moja (alama ndogo kwenye kodi) na ukaguzi kidogo, spidi wala haikuguswa. Android nazo zilikuwemo, na simu iliyokuwa imeshaacha kupata apdeti ilibaki na tundu lile mpaka ikafa, nazo ndizo zinazouzwa mitumba huku kwetu, zina M-Pesa na picha za watoto ndani.

Hilo ndilo linaloniuma. Foleni ya loki inaumiza kori zikiwa nyingi, simu ya kori nne haihisi sana, kwa hiyo faida kubwa ya kuacha loki iko kwa wenye data senta ila tundu tunagawana wote. Ni kweli zile loki za kila VMA (eneo moja la memori ya programu) zilizoingia toleo la 6.4 la keneli mwaka 2023 zilisaidia hata simu, app zinafunguka upesi, lakini nazo ziliharibu memori programu ikifanya fork, yaani ikijinakili, ikabidi zizimwe kwanza kwenye 6.4 hadi zirekebishwe. Walivyofanya pale ndivyo ninavyotaka iwe kila mara, usahihi kwanza, spidi irudi ikishathibitika. Mwenye seva kubwa akiona loki inamchelewesha aizime mwenyewe kwenye konfigi, injinia wa kuisoma anao, mama muuza mahamri hapa Langoni hawezi kukompaili, yaani kuijenga upya, keneli ya simu yake.