Kasi inayoshuka: galaksi za kale zilikuwa na maada giza kiasi gani?

Mwaka 2017 timu ya mwanaastronomia Reinhard Genzel ilichapisha vipimo vya galaksi sita kubwa ambazo nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 7 kutufikia. Kasi ya gesi inayozunguka ndani yake inapanda kutoka kitovuni, halafu kuelekea nje inashuka. Hili ni jambo zito. Tangu wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walipoipima galaksi jirani ya Andromeda mwaka 1970, tumezoea kuona kasi ikikaa palepale hadi pembezoni, na hiyo ni nguzo kubwa ya hoja ya maada giza, ile yenye uzito lakini haitoi nuru. Kasi ikishuka, maana yake nyota na gesi pekee zinabeba karibu uzito wote wa eneo lililopimwa.

Upande wa pili una hoja nzito pia. Mwaka 2019 timu ya Alfred Tiley iliunganisha vipimo vya galaksi zipatazo 1,500 na kuonyesha kuwa mengi yanategemea kipimo unacholinganishia. Ukizilinganisha galaksi zote kwa umbali ambapo kasi inafikia kilele, mteremko unajitokeza. Ukizilinganisha kwa ukubwa wa diski, ile sahani bapa ya nyota na gesi, unatoweka.

Kwangu mimi, kiini cha mabishano ni msukosuko, yaani mwendo wa gesi wa huku na huku usio wa mzunguko. Gesi ya galaksi changa inachemka, na shinikizo lake linabeba sehemu ya uzito, kwa hiyo inazunguka polepole kuliko mvutano unavyodai. Timu ya Genzel yenyewe ilitaja shinikizo hilo kama sehemu ya sababu ya mteremko. Chukua gesi inayozunguka kwa kilomita 200 kwa sekunde, yenye msukosuko wa kilomita 50 kwa sekunde, kwenye umbali wa mara tatu ya kipimo cha diski (umbali ambao nuru ya diski hupungua hadi kama theluthi). Kanuni inayotumika sana ni hii: 200 mara 200, jumlisha 2 × 50 × 50 × 3. Unapata 55,000, na kipeuo chake cha pili ni kama 235, ndiyo kasi ambayo mvutano unadai. Uzito hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo unapanda kama 40,000 hadi 55,000, yaani kwa asilimia 37 na nusu, na nyota haziwezi kudai nyongeza hiyo, maana zilishahesabiwa kwa nuru yao.

Kwa hiyo nakubali kwamba maada giza ilikuwa chache ndani ya diski za galaksi kubwa, lakini sikubali kwamba haikuwepo: sehemu yake kubwa hukaa nje zaidi, ambako gesi hiyo haiwaki. Kiasi chenyewe ndicho bado kinayumba. Kanuni ile inachukulia msukosuko ni uleule kote, ilhali pembezoni, tunakouhitaji zaidi, nuru ni hafifu. Andika 60 badala ya 50, na uzito unaongezeka tena kwa asilimia 12.