Deki ya Dola 98 Ililipiwa na Nani?

Juzi nimeisikia tena hoja ile ile, safari hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu kwa ujuzi wake wa mambo haya: kwamba HD DVD, mfumo wa diski za filamu zenye picha kali kuliko DVD, haikupaswa kufa, kwa sababu vita yake na mfumo mwenzake wa Blu-ray ndiyo iliyowapa watu deki kwa bei ya kutupa, na siku moja tu baada ya vita kuisha tukaachwa mikononi mwa mshindi. Aliitaja Novemba 2007 kama mtu anayekumbuka enzi za neema. Niliondoka na hasira ambayo hadi sasa haijanitoka, maana hoja hii husimuliwa kila mara kwa kuwafuta watu walioilipia neema hiyo.

Tutazame bei zenyewe. Aprili 2006 Toshiba iliingiza HD-A1 kwenye soko la Marekani kwa dola 499. Miezi miwili baadaye Samsung ikaleta deki ya kwanza ya Blu-ray kule, BD-P1000, kwa dola 999. Ukiona pengo hilo utadhani Toshiba walijua kuunda kwa gharama nafuu kuliko wenzao. Kiasi fulani mfumo wao ulikuwa rahisi kweli: data ya HD DVD ilikaa kwenye kina kile kile cha DVD, milimita 0.6, kwa hiyo viwanda vya diski viliweza kurekebisha mitambo ya zamani, ilhali Blu-ray iliiweka data milimita 0.1 tu kutoka kwenye uso wa diski na ikadai mitambo mipya. Lakini hiyo ni nafuu ya mchapaji wa diski. Deki yenyewe ni habari nyingine. Wachambuzi wa iSuppli walipoifungua HD-A1 na kuhesabu vipuri vyake kimoja kimoja, walikadiria gharama ya zaidi ya dola 674. Kitu cha dola 674 kiliuzwa 499, hapo hujaweka usafirishaji, matangazo wala chumo la mwenye duka. Sony, wa upande wa Blu-ray, nao walikuwa kwenye mchezo huo huo. PS3 ya dola 599, mashine yao ya michezo iliyosoma pia Blu-ray, ilikadiriwa na wachambuzi hao hao kumgharimu mtengenezaji karibu dola 840.

Kwa nini kampuni iuze kwa hasara kubwa namna hiyo? Kwa sababu idadi ya deki zilizouzwa ilikuwa silaha ya kwenda nayo Hollywood. Studio zilikuwa zinahesabu: huku kuna nyumba ngapi, kule ngapi, tuchapishe filamu upande gani. Kila mnunuzi aliongeza namba moja kwenye karatasi iliyowekwa mezani mbele ya wakubwa wa studio. Agosti 2007 Paramount na DreamWorks Animation zilihamia HD DVD peke yake, na iliripotiwa kwamba nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na motisha ya dola milioni 150. Fedha za kuzivuta studio zilipatikana. Fedha za kumlinda aliyenunua deki endapo mambo yangeharibika hazikuwekwa popote.

Kisha ikaja hiyo Novemba 2007. Maduka ya Walmart yaliiuza deki ya HD-A2 ya Toshiba kwa dola 98.87. Watu walijaa madukani, na siwalaumu hata kidogo. Ukiambiwa kuna mashine inayoonyesha picha mara kadhaa bora kuliko DVD kwa chini ya dola mia, utaenda. Tarehe 4 Januari 2008 studio ya Warner, iliyokuwa ikitoa filamu kwa mifumo yote miwili, wakatangaza kwamba wanabaki na Blu-ray pekee. Na hapa ndipo ninapotaka kila mtetezi wa vita asimame atazame vizuri. Siku chache baada ya tangazo hilo, Toshiba walishusha bei tena, baadhi ya deki hadi karibu nusu, na HD-A3 ikafika dola 149. Mfumo wao ulikuwa umepoteza studio kubwa kuliko zote zilizokuwa upande wake, kila aliye ndani ya biashara hiyo alijua maana yake, na bado zikatolewa bei za kuwavuta watu wa kawaida wasiofuatilia habari za studio. Katikati ya Februari Netflix, waliokuwa wakikodisha diski kwa posta, wakajitoa, maduka ya Best Buy yakaanza kuwashauri wateja wachukue Blu-ray, kisha Walmart nao wakajitoa. Tarehe 19 Februari Toshiba wakatangaza kuwa wanaacha. Aliyenunua ile ya dola 98.87 alikaa na mfumo hai kwa miezi mitatu na nusu. Aliyenunua katikati ya Januari, kwa mwezi mmoja na siku kadhaa.

Bei hizi, ile ya Novemba na hata hii iliyoshuka Januari, ndizo wanazozisifu. Mimi naiona hii ya Januari kuwa bei ya mzigo unaooza. Mtu aliyelipa dola 149 kwa deki ambayo haitapata filamu mpya amelipa ghali kuliko aliyesubiri akalipa 300 kwa deki ambayo hadi leo inatengenezewa diski. Bei ya deki si namba iliyo kwenye kibandiko tu. Ni namba hiyo ukiigawa kwa miaka utakayoitumia, kisha ukaongeza diski ulizokwisha kununua na ambazo deki ya kawaida ya Blu-ray haitazisoma. Ndiyo, najua, zilicheza DVD pia, na zilicheza vizuri. Najua pia kwamba Best Buy waliwapa wateja wao kadi za zawadi za dola 50. Walifanya jambo la heshima, na kitendo chenyewe kinaonyesha kwamba hata muuzaji aliona kuna watu wameumizwa.

Sasa nikubali jambo moja, japo silipendi. Shinikizo la Toshiba liliwasukuma watu wa Blu-ray. Deki ya kwanza ya Blu-ray ilikuwa dola 999 katikati ya 2006; kufikia Novemba 2007 Sony walikuwa wakiuza PS3 ya dola 399, na sidhani wangekimbia hivyo bila mtu nyuma yao. Na baada ya Februari 2008 deki za Blu-ray hazikushuka haraka kama watu walivyotarajia. Miezi kadhaa ya mwaka ule ilikuwa ya kukatisha tamaa kwa aliyekuwa akisubiri. Haya ni kweli na sitayaficha.

Lakini fuateni kalenda mwaka mmoja mbele. Novemba 2009, Walmart hao hao waliuza deki ya Blu-ray ya Magnavox kwa dola 78. Hakukuwa na HD DVD tena, hakukuwa na mpinzani yeyote wa diski, na bei ilikuwa chini kuliko ile ya mwaka wa vita. Zaidi ya hapo, aliyeinunua hakuachwa njiani. Kilichoishusha bei hiyo ni mambo yasiyo na msisimko wa vita: leza za buluu za kusomea diski hizi, ambazo mwaka 2006 zilikuwa adimu kiasi cha kuichelewesha PS3 isifike Ulaya hadi Machi 2007 zilianza kutoka kwa wingi, vipuri vingi vikaunganishwa katika chipu chache, na kampuni za bei nafuu zikaruhusiwa kuingia na kutengeneza deki zinazosoma diski ile ile. Mapema 2009 Sony, Philips na Panasonic walitangaza mpango wa leseni moja kwa hataza zote (haki za wenye ugunduzi), dola 9.50 kwa kila deki, badala ya mtengenezaji kuzunguka kwa kila mwenye hataza peke yake. Tangazo kama hilo halikumfanya mtu apange foleni usiku kucha, lakini linagusa kila deki inayotoka kiwandani.

Ushindani uliosaidia ulikuwa wa watengenezaji wengi juu ya diski moja. Hapo Samsung akizembea, LG anachukua mteja; LG akipandisha, Panasonic yupo; na mteja akihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, anahama na kabati lake lote la filamu. Katika vita ya mifumo, mteja akihama anaacha kila kitu nyuma. Ndiyo maana wengi hawakununua chochote katika 2006 na 2007, wakabaki na DVD zao wakisubiri mmoja aanguke. Na bidhaa isiyonunuliwa haifiki idadi ya kushusha gharama kiwandani. Vita iliichelewesha bei ile ile inayodaiwa kuiteremsha.

DVD yenyewe ni ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mifumo miwili: MMCD ya Sony na Philips, na SD ya Toshiba na Time Warner. Kampuni za kompyuta, IBM wakiwa mbele, zilikataa katakata kuunga mkono mifumo miwili, na mwaka 1995 pande zote zikakubaliana mmoja. Deki ziliingia Marekani mwaka 1997 zikiwa ghali sana. Kufikia 2003 ya chini ya dola 100 ilikuwa kitu cha kawaida dukani, nyingi zikitoka viwanda vya China, na kila moja ilisoma diski za mwaka wa kwanza. Kulikuwa na jaribio moja la kuvuruga, DIVX ya maduka ya Circuit City, iliyotaka deki iunganishwe na laini ya simu ili upewe ruhusa ya kutazama. Ilidumu mwaka mmoja hivi, na huduma ilipozimwa mwaka 2001 diski zake zikabaki plastiki.

Kuhusu wanaosema dawa ni deki inayosoma zote mbili: LG waliitoa mwanzoni mwa 2007, BH100, kwa dola 1,199.

Leo hii mfumo wa diski za 4K, zenye picha kali zaidi, ni mmoja tangu 2016, hauna mpinzani, na bado deki zake nzuri zina bei inayouma. Rafiki yangu ataona hapo ushahidi wa upande wake. Mimi naangalia walioondoka: Oppo mwaka 2018, Samsung wakaacha kuleta deki mpya mwaka 2019, LG nao wamefunga mlango mwaka 2024. Waliobaki kwenye rafu wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kuongeza mfumo wa pili juu ya soko lililosinyaa hivyo kungewagawa hao wachache, kisha wale wanaoendelea kununua diski kwa mapenzi ya filamu wangeulizwa upya upande gani wataupoteza. Ninachotaka mimi ni mtengenezaji wa tano, wa sita, wa saba, na ada za leseni zilizo nyepesi kiasi cha kumfanya aone inafaa kuingia.