Mwacheni mtoto aangalie muvi za anga

Jumapili nilikwenda Tandika kwa dada, nikamkuta mpwa wangu wa kidato cha tatu amekaa mlango wa nyuma anaunganisha daftari kwa selotepu. Mwalimu wake wa tuisheni alilikuta kwenye begi, akalichana mbele ya wenzake. Akasema ni upuuzi wa muvi za anga, Kiingereza hakipatikani huko. Tangu siku hiyo nina kinyongo moyoni.

Nililifungua lile daftari. Kila ukurasa ameupiga mstari katikati kwa rula: kushoto neno, kulia sentensi nzima alivyoisikia, chini yake dakika aliyoisikia, ili aweze kurudi. Neno "gravity" kaliandika mara mbili. La kwanza ni lile la fizikia, mvutano. La pili, kamanda anawagombeza wenzake kwamba chombo kimetoboka nao hawaoni "gravity" ya hali yenyewe, na mtoto kaandika kwa kalamu nyekundu: hapa si mvutano, ni uzito wa jambo. "Nilirudisha nyuma mara tatu, mjomba," akaniambia. Hakuna aliyemfundisha. Maana aliyokaririshwa iligoma kukaa pale, akatafuta nyingine mpaka akaipata. Kiingereza cha juu ni nini kama si hicho?

Watu wanadhani muvi hizi ni milipuko mitupu. Muvi ya mapenzi wawili wanaweza kutazamana dakika nzima bila kufungua mdomo, na ukaelewa kila kitu. Ya sayansi haiwezi. Watu wako mahali pageni, mtambo umekufa, lazima mmoja amweleze mwenzake kimeharibika nini, kwa nini, na wakigusa hiki kile kitakuwaje. Chukua The Martian, ya mwaka 2015. Mtu kaachwa peke yake sayari ya Mars, wenzake wakiamini amekufa, na chakula hakitoshi. Anapanda viazi kwenye udongo wa huko kwa mbolea ya vinyesi, anapata maji kutokana na mafuta ya roketi, na anayoyafanya anayaeleza mbele ya kamera: nina hiki, sina kile, kwa hiyo nitafanya hivi. Lugha hiyo ya kueleza sababu ndiyo inayotuangusha kwenye usaili, wenye shahada zetu.

Halafu kuna masharti. Sisi tunasema "tungalijua, tusingalitua", basi. Kiingereza chake, "had we known, we would never have landed", nilijazishwa darasani kwenye nafasi zilizoachwa wazi na sikuwahi kuisikia mtu akiisema kwa uchungu. Kwenye muvi inasemwa na mtu aliyefiwa na mwenzake, "would have" imemezwa ikawa sauti moja, na haikutoki tena.

Nasema haya kwa kuwa yalinikuta. Miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza baiolojia inashuka kwa Kiingereza. "Inertia", yaani kitu kuendelea kama kilivyo mpaka kisukumwe au kizuiwe, niliikariri neno kwa neno, nikaifaulia mtihani. Kuielewa niliielewa kwenye kibanda umiza Temeke, chombo kilipozimwa injini na bado kikaenda.

Na anayesema haya si ya kwetu, akumbuke kwamba mwaka 1966, ilipoanza Star Trek, tamthilia ya runinga ya Marekani kuhusu safari za anga, afisa wa mawasiliano wa chombo alikuwa mwanamke mweusi, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lile limetoka kwenye neno letu uhuru.

Ndiyo, yamo maneno ya mitambo ya kubuni, na mtoto anaweza kuyabeba kama ya kweli. Ndiyo, muvi haikufundishi kuandika insha, vitabu asome. Bando nalo ni ghali. Na zile za kutafsiriwa, ambazo nazipenda tangu utoto, hazifai kwa kazi hii kwa sababu sauti ya mtafsiri inafunika yote. Aangalie ya Kiingereza yenye maandishi ya Kiingereza chini, kipande cha dakika 10, akirudie.

Jana nimempelekea kaunta buku mpya. Ameshaanza kunakili, "gravity" zote mbili. Lile lililochanika nimelichukua mimi, na Jumamosi nitakwenda nalo kwa mwalimu wake, nikae naye, tulisome ukurasa kwa ukurasa.